Mwezi wa Saa Mbili Asubuhi

Siku Madam Waithera alipomvunja Njoki kidole ilikuwa Jumatano, kipindi cha kwanza baada ya chai ya saa nne. Gredi ya tisa walikuwa arobaini na wanane darasani, wamebanana watatu watatu kwenye madawati, na ubaoni kulikuwa na duara tatu za chaki: jua, dunia, mwezi.

Waithera alikuwa mwalimu wa baiolojia na kilimo. Moyo wa ng'ombe, mizizi ya mahindi, magonjwa ya kahawa, hayo ungemwamsha usingizini akakueleza. Lakini mtaala mpya ulikuwa umetia sayansi zote kwenye sufuria moja, na sasa alitakiwa afundishe sayari na nyota na mwendo wa mwezi, mambo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kufundishwa na mtu. Likizo ya Aprili walimu walikuwa wameitwa Nakuru mjini kwa mafunzo ya siku tatu. Mkufunzi wao, mwanamume mpole aitwaye Kiplimo, aliwagawia kila mmoja kiazi kilichochomekwa kwenye kijiti, kisha akawatoa wote nje juani. Waithera alitafuta kivuli akakaa na kusahihisha mitihani yake. "Miaka kumi na tatu nafundisha," alimnong'oneza mwenzake, "halafu mtu ananiletea viazi vya kuchezea?" Alitia sahihi, akanywa chai, akarudi Subukia na cheti.

Kwa hiyo Jumatano hiyo alifundisha alivyodhani.

"Mwezi haubadiliki umbo," alisema. "Ukiuona nusu, ni kwa sababu kivuli cha dunia kimefunika ile nusu nyingine. Andikeni."

Kalamu zilikwaruza. Mkono mmoja ukainuka dirishani. Ulikuwa wa Njoki, msichana mwembamba ambaye kwa kawaida hakuonekana wala kusikika.

"Madam, ile Ijumaa tulifunga hafutamu, ile likizo fupi ya katikati ya muhula, nilikuwa napeleka maziwa kwa dairi. Saa mbili asubuhi. Nikaona mwezi, nusu, uko juu upande huu wa kahawa. Na jua lilikuwa limeshatoka upande ule mwingine. Niliona zote mbili. Sasa kivuli cha dunia kilipitia wapi?"

Mtu mmoja nyuma akasema "Ehee!" na vicheko vikaanza chini chini, vya watoto wanaojua kwamba mtu mzima amepatikana.

Waithera aliutazama ubao. Aliziangalia zile duara tatu na kuona wazi, kama mtu anavyoona shimo baada ya kukanyaga hewa, kwamba mtoto alikuwa sawa. Joto likampanda kutoka kifuani hadi masikioni.

"Nani alikutuma uniulize hivyo?"

"Hakuna mtu, Madam. Niliona tu."

"Uliona. Kumbe wewe ndiye mwenye macho hapa. Kuja mbele."

Juu ya meza yake kulikuwa na kipande cha mpira wa kunyunyizia kahawa dawa, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mwisho mmoja bado ulikuwa na kifundo chake cha shaba. Sheria ilikuwa imekataza viboko zamani, na kila mtu pale shuleni alijua hivyo, na kila mtu alijua mpira wa Madam Waithera.

"Nyoosha mkono. Sema: ni kivuli cha dunia."

Njoki alinyoosha mkono. Mpira ukashuka mara moja, mara mbili, mara ya tatu.

"Sema!"

"Lakini Madam, niliona."

Hapo ndipo akili zilipomruka. Alimpiga mgongoni, begani, shingoni, popote mpira ulipotua, na kila pigo lilitaka jingine. Njoki alijikunja na kushika ukingo wa dawati la mbele asianguke. Waithera aligeuza mpira, akashika upande laini, akashusha ule wa shaba. Kifundo kikakutana na kidole cha shahada juu ya mbao, na mlio wake ukasikika hadi dawati la mwisho.

Njoki hakulia. Alikitazama kidole chake, kilivyoelekea pasipo pake, akakaa chini sakafuni polepole. Waliolia ni wenzake.

Mwalimu mkuu, Bwana Kosgei, alimpeleka mtoto Nakuru kwa gari lake mwenyewe. Hospitalini walimpiga eksirei, wakamfunga plasta mkono hadi kiwiko. Kosgei aliporudi alimwita Waithera ofisini akafunga mlango.

"Madam, hii imepita kiasi. Mtoto ana alama mgongoni siwezi kuhesabu."

"Mimi nilipigwa zaidi ya hapo," Waithera alijibu, "na nikasoma."

Ilikuwa kweli. Baba yake alikuwa akimkaririsha jedwali la kuzidisha huku ameshika mkanda. Na usiku huo alilala vizuri.

*

Kesho yake saa nne na dakika kumi, walimu wakiwa kwenye chai, mlango wa chumba chao ulifunguka kwa teke. Aliyeingia alikuwa Wangechi, mama yake Njoki, mwanamke mfupi mwenye mabega ya kubeba mitungi ya maziwa, gambuti miguuni zimejaa matope. Mkononi alikuwa na mpini wa jembe.

"Waithera ni nani?"

Macho ya wote yalijisahau yakamgeukia Waithera. Hiyo ilitosha.

Pigo la kwanza Waithera alilipokea kwa mkono ulioshika kikombe. Chai ya moto ikamrukia usoni. La pili lilimpata mbavuni akasikia kitu ndani kikiachia kama kijiti kikavu. Alianguka kati ya viti, akatambaa kuelekea chini ya meza, na Wangechi akamvuta mguu akamtoa kama mtu anayetoa ndama kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa.

"Sema ni kivuli!" Wangechi alipiga kelele. "Sema! Si ndivyo unafunza watoto wa watu?"

Kosgei alimkumbatia kwa nyuma. Wangechi akamwuma mkono hadi akamwachia. Walimu wawili walimrukia wakatupwa. Pigo lililofuata lilitua mdomoni. Waithera alihisi meno mawili yaking'oka, mdomo ukajaa chumvi ya damu, na katika mlio wa sikio lake la kushoto alisikia sauti ya mtu akilia kwa kusihi, "Mama, nisamehe, nisamehe mama." Ilimchukua muda kujua kuwa ni yeye.

Watu watano ndio waliomshinda Wangechi nguvu. Walipomkalia, alianza kulia kwa sauti nene ya kutisha, akirudia neno moja tu: "Kidole. Kidole. Kidole cha mtoto wangu."

*

Ijumaa wote wawili walikuwa kituo cha polisi. Waithera alikuwa na bandeji kichwani, mbavu zimefungwa, mdomo umevimba. Ofisa aliyekuwa zamuni alisoma maandishi yake mara mbili akavua kofia.

"Hapa kuna kesi mbili," alisema. "Wewe mwalimu umeumiza mtoto. Wewe mama umeumiza mwalimu. Nikiwapeleka kortini nawapeleka pamoja, na sidhani kuna mmoja atarudi akicheka. Ama mkubaliane. Mama, unataka nini?"

Kosgei, aliyekuwa amekaa pembeni, alitarajia kutajwa fidia. Wangechi aliitazama mikono yake kwanza.

"Mtoto wangu amekataa shule," alisema mwishowe. "Hali vizuri. Asubuhi anatoka nje na ile plasta yake anatazama juu. Jana akaniuliza, 'Mami, kwani nilikosea wapi?' Mimi nilifika darasa la sita. Sijui nimwambie nini." Alimgeukia Waithera kwa mara ya kwanza. "Nataka jibu. Alikuuliza swali ukampa kichapo. Utakuja kwangu Jumamosi umpe jibu. Likiwa jibu la kweli nitajua, kwa sababu yeye atajua. Hilo tu ndilo nataka."

"Na baba yake?" ofisa aliuliza.

Uso wa Wangechi ulibadilika. "Peterson yuko Naivasha, kwa kampuni ya maua. Hajui. Mumwache hivyo hivyo. Akijua ataua huyu, halafu aje kwangu aulize mbona sikumwambia."

Waithera alitikisa kichwa kukubali. Barua ya kumsimamisha kazi ilimfikia Jumatatu.

*

Jumamosi aliyokwenda mara ya kwanza alibeba kitabu cha kiada. Nyumba ya Wangechi ilikuwa ya mbao, chini ya mteremko, ikizungukwa na kahawa, na uani ng'ombe wawili walikuwa wamefungwa. Mbwa alimrukia akararua sketi, na Wangechi akamwita mbwa bila haraka. Njoki alitolewa nje akakalishwa kwenye stuli, mkono wenye plasta mapajani. Hakuinua macho. Wangechi naye aliketi mlangoni, mpini wa jembe umelala magotini mwake.

Waithera alifungua kitabu akasoma. Sauti ilipita kwa shida kwenye pengo la meno. Alisoma ukurasa mzima: mwezi huzunguka dunia, huakisi mwanga wa jua, huwa na sura mbalimbali. Aliuonyesha mchoro. Alipomaliza alifunga kitabu.

"Amejibu?" Wangechi alimwuliza mtoto.

Njoki alitikisa kichwa. Hapana.

Na hapo, mbele ya mpini ule na mbavu zikimuuma kila akivuta pumzi, Waithera alihisi kiganja chake cha kulia kikiwasha. Alitaka kumzaba mtoto kofi. Kwa sekunde moja hakutaka kitu kingine duniani. Alikisukuma kiganja chini ya paja lake akakikalia.

"Basi rudi ukatafute," Wangechi alisema. "Lakini usikuje tena na karatasi."

Waithera alipanda hadi barabarani. Kilichomtisha ni kile kiganja. Alikuwa amedhani kuwa hasira yake ilikuwa ya watoto watundu, watoto wavivu, watoto wajinga. Huyu hakuwa hata mmoja wa hao.

Jioni hiyo alitafuta nambari kwenye kile cheti chake akampigia Kiplimo.

Walikutana Nakuru, kwenye uwanja wa nyuma wa kile kituo cha mafunzo. Kiplimo aliutazama uso wake, akasikiliza yote, hata lile la kifundo cha shaba, maana Waithera aliamua asifiche kitu.

"Nilikuwa nataka kukuambia uende zako," Kiplimo alisema. "Nina binti wa umri huo."

"Ungeniambia, ningeenda."

"Huyo mtoto bado hana jibu." Aliinuka akaenda jikoni akarudi na kiazi na kijiti. "Shika. Nyoosha mkono. Kiazi ni mwezi. Kichwa chako ndicho dunia. Jua ni lile pale. Zunguka polepole, uniambie unaona nini."

Waithera alizunguka. Aliona kiazi. Akazunguka tena. "Naona kiazi."

"Sehemu gani ina mwanga?"

"Kwani si mwanga ni ule ule?"

"Angalia."

Mara ya tano, jua likimchoma kichwani na mbavu zikimlilia, alikirusha kile kiazi ukutani kwa nguvu zake zote. Kilipasuka vipande vipande. Alisimama akihema, ngumi zimekazwa. Kiplimo alienda jikoni akaleta kingine.

Ilikuwa kwa kiazi cha tatu, siku iliyofuata, ndipo alipoona. Alikuwa amelipa jua bega lake la kulia, kiazi kiko mbele yake, na nusu moja ya kiazi ilikuwa inang'aa na nusu nyingine ni nyeusi. Weusi ule haukuwa umetupwa na kichwa chake. Kichwa chake kilikuwa mbali kabisa. Ulikuwa ni mgongo wa kiazi chenyewe, upande uliolipa jua kisogo. Alizunguka kidogo, ule mwanga ukanenepa. Akarudi nyuma, ukakonda hadi ukawa kama ukucha.

"Ni kivuli chake mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Siku zote nusu ina mwanga. Sisi ndio tunauona kwa upande."

"Na kivuli cha dunia?"

Alinyoosha kiazi upande usio na jua, nyuma kabisa, hadi kichwa chake kikakifunika. Kikazima chote. "Hapo. Ule usiku wa kupatwa kwa mwezi tu."

Kiplimo alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hata mimi nilifundishwa kivuli cha dunia. Na aliyenifundisha pia. Sasa sikiza. Ukienda pale, usimwambie hata kitu kimoja. Ukimwambia, utakuwa umempiga tena kwa maneno. Mpe kiazi, unyamaze. Na usiende Jumamosi hii. Ngoja mwezi urudi pale alipouona. Ni siku zaidi kidogo ya ishirini na tisa kutoka ile Ijumaa."

Waithera alihesabu kwa vidole. Ilikuwa Jumamosi.

*

Saa mbili kasoro kidogo siku hiyo anga la Subukia lilikuwa limeoshwa na mvua ya jana. Mwezi ulikuwa juu, mweupe kama kipande cha chaki iliyovunjika, upande wa kahawa. Jua lilikuwa limeipita miti ya upande wa pili. Wangechi alikuwa amemaliza kukamua. Mpini wa jembe ulikuwa umeegemezwa ukutani, lakini karibu.

Waithera hakuketi. Alimpa Njoki kijiti chenye kiazi na kusema, "Ule mwezi uko pale. Inua kiazi hadi kiwe karibu nao. Chukua muda wako."

Njoki alikishika kwa mkono usio na plasta. Alikiinua kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Waithera alinyamaza. Hakujua kunyamaza ni kazi ngumu hivyo. Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza moja moja.

Kiazi kilifika pale mwezi ulipokuwa. Jua lilikuwa linakipiga. Nusu ya kiazi ilikuwa na mwanga, na nusu ilikuwa giza, na ilikuwa nusu ile ile, imeinama vile vile, kama watoto pacha wawili wametazama jua lile lile.

Njoki alishusha kiazi, akakiangalia, akakiinua tena.

"Ziko sawa," alisema. Sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumiwa. "Mami, kuja uone. Ziko sawa! Hakuna kivuli cha dunia hapa. Ni nyuma yake tu." Akamgeukia Waithera, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano akamtazama usoni. "Kwa hivyo sikukosea."

"Hukukosea. Mimi ndiye nilikosea."

"Ulijua wakati ule?"

"Nilijua umenishinda. Hilo nililijua."

Wangechi alichukua kiazi akainua, akafumba jicho moja. Alicheka kicheko kifupi cha mshangao. "Na nimeona huu mwezi miaka yote nikikamua."

"Madam," Njoki alisema, na swali lake likamtoka haraka, "sasa mbona ule uso wa mwezi ni ule ule kila siku? Hatuonagi mgongo wake."

"Hilo sijui," Waithera alisema. "Nitauliza."

Hapo ndipo mbwa alipobweka.

Peterson aliingia kwa mlango wa ua akiwa bado na begi begani. Alikuwa mwanamume mrefu, macho mekundu kwa safari. Ziwa Naivasha lilikuwa limefurika hadi ndani ya ploti yao, nyumba za kupanga za mtaa wa Kihoto, wapangaji wakahama na magodoro kichwani, na simu yake ikapotea humo majini. Ndiyo maana habari ilimfikia zaidi ya wiki tatu baadaye, tena kutoka kwa mtu wa Subukia aliyekutana naye kwenye steji ya matatu. Alimwona binti yake na plasta. Aliona mwanamke mwenye pengo mdomoni.

"Ni huyu?" aliuliza kwa utulivu.

"Baba Njoki, ngoja nikueleze—"

Hakungoja. Begi lilianguka, na kofi la kwanza lilimpata Wangechi, si Waithera. "Umemleta kwangu? Amevunja mtoto wangu, na wewe unamkaribisha uani?" La pili lilikuwa ngumi. Wangechi, yule aliyeshindwa na watu watano, hakuinua hata mkono. Alijikunja na kufunika kichwa kama mtu aliyezoea, akaenda chini kimya, na Peterson akaanza kumpiga mateke.

Waithera hakukumbuka baadaye jinsi alivyoufikia mpini wa jembe. Alikumbuka tu uzito wake, na jinsi ulivyokaa vizuri mkononi. Pigo la kwanza lilimpata Peterson kwenye mfupa wa bega na mfupa ukakatika. Aligeuka, akashangaa, akanyoosha mkono. La pili likauangusha ule mkono. La tatu lilimpata magotini. Sasa alikuwa chini, amejikinga, akisema, "Basi, basi," na Wangechi alikuwa ameshatambaa mbali, salama. Kila kitu kilikuwa kimekwisha.

Waithera alipiga tena. Akapiga tena. Ile raha ya zamani ilikuwa imemrudia, joto lile lile kutoka kifuani hadi masikioni.

"Madam, inatosha! Madam! Madam, inatosha!"

Alisikia, lakini alipiga mara moja zaidi ndipo akaacha.

Njoki alikuwa amesimama ukutani, ule mkono wenye plasta umefunika uso. Aliuteremsha polepole. Waithera aliutambua uso ule. Ulikuwa ni ule ule wa ile siku darasani: haukuwa na shukrani, haukuwa na chuki, ulikuwa unapima tu umbali kati yake na mlango. Baba yake alikuwa chini anavuja damu. Mama yake alikuwa anashika mbavu. Na mtoto hakuwa anamwogopa mmoja kuliko mwingine kati ya wale wakubwa watatu.

Mpini ulimtoka Waithera mikononi. Njoki alipiga mbio kuingia kwenye kahawa, wakamsikia akivunja matawi hadi chini mtoni.

*

Safari hii hakukuwa na makubaliano. Majirani walimbeba Peterson hadi hospitali, bega limevunjika, fuvu lina ufa, na akalazwa wiki tatu. Waithera alishtakiwa. Wangechi alisimama kortini na jicho ambalo bado lilikuwa na wekundu, akaeleza kila kitu kuanzia kofi la kwanza.

"Angekuwa hakuchukua huo mpini," alisema, "hakimu, mimi singekuwa hapa."

"Na alipokuwa ameanguka chini?" mwendesha mashtaka aliuliza. "Aliendelea kumpiga?"

Wangechi alimtazama Waithera, akatazama chini. "Ndio. Aliendelea."

Waithera alipoulizwa, alisema hivyo hivyo. Hakimu alimpa kifungo cha nje cha mwaka mmoja na nusu. Mwajiri wake alikuwa ameshafuta jina lake katika orodha ya walimu kwa sababu ya kidole. Hakukata rufaa.

Miezi ilipita. Peterson alipopona alirudi Naivasha, na Wangechi alihamisha vitu vyake na ng'ombe wake wawili hadi kwa dada yake upande wa juu wa bonde. Kiplimo alimwita Waithera Nakuru mara mbili, asimame mbele ya walimu awaeleze mambo mawili: jinsi ya kufundisha mwezi kwa kiazi, na yaliyompata. Mara ya kwanza mwalimu mmoja alisema bila kiboko watoto wa siku hizi hawashikiki, na wengine wakacheka. Waithera alingoja kicheko kiishe. Kisha akawaeleza mlio wa mfupa juu ya mbao, bila kupunguza kitu, mpaka mwalimu yule akaomba ruhusa ya kutoka nje.

Mwezi wa Januari alikutana na Wangechi sokoni Subukia, siku ya viazi. Wote wawili walisimama. Hakuna aliyejua kama wasalimiane kwa mkono.

"Njoki?" Waithera aliuliza.

"Yuko Nakuru kwa shangazi. Ameanza sekondari huko." Wangechi alipanga upya kanga yake. "Kidole hakikunyooka. Anaandika, lakini kinamsumbua kukiwa na baridi."

Waithera alishusha macho.

"Anafundisha watoto wa shangazi," Wangechi aliendelea. "Anawatoa nje asubuhi na viazi kwa vijiti. Shangazi analalamika viazi vinaisha."

"Lile swali lake nilipata jibu lake. La uso wa mwezi. Ni kwa sababu unajizungusha mara moja wakati ule ule unapotuzunguka mara moja. Naweza kuandika, umpelekee."

Wangechi alifikiri. Alikuwa mwanamke asiyejua kupaka maneno asali. "Hapana," alisema. "Alishalipata mwenyewe, kwa mwalimu wake wa huko. Na sitakudanganya, hajawahi kukuulizia. Nikitaja jina lako anatoka kwa nyumba."

"Ni haki yake."

"Ndio. Ni haki yake."

Mchuuzi nyuma yao alikuwa anapiga kelele za bei. Wangechi aliinama akashika masikio ya gunia lake, akajaribu kulinyanyua, mbavu zikamkumbusha yale mateke. Akasimama akihema.

"Shika huko," alimwambia Waithera. "Tulipeleke hadi pale kwa pikipiki."

Waithera alishika. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na barabara ilikuwa na matope, kwa hiyo walikwenda polepole, kila mmoja akitazama anapokanyaga.